Laptopu Nyembamba Uliyomletea Mdogo Wako

Kwako mjukuu wangu mkubwa,

Huna adabu. Nimeanza na hilo lisije likapotea kwenye salamu. Sasa, hujambo? Mafua yamekwisha? Sisi huku wazima. Goti langu moja limegoma, lakini lile la kukanyagia cherehani linafanya kazi.

Mama yako amenisomea ujumbe uliomwandikia mdogo wako. Ati hana shukrani, umemtumia laptopu nyembamba ya maana, yeye kaifungia kabatini kwa jeuri, anaendelea na laptopu yake nene ya mtumba, lile tofali. Mwezi wa pili huu hamsemezani, nyinyi niliowaogesha karai moja.

Mabishano yenu ya mwanzo yalinifurahisha, siwezi kukataa. Wewe ulisema nyembamba ni nyepesi, betri yake inakaa kutwa, na huo mnaouita mfumo endeshi hauingiwi na virusi. Yeye akasema ina matundu mawili tu kama pua, mausi yake haina pa kuchomeka. Tofali lake fundi wa kona alilifungua kwa bisibisi, akalitia mfumo wa bure wenye programu ya kuchorea nyumba, likafufuka. Mama yako akauliza ipi kati ya hizo inafua nguo. Nilicheka mpaka uzi ukakatika.

Lakini usidhani alikudharau. Mzigo wako ulipofika aliupokea kwa mikono miwili kama kichanga. Akasema tofali litakwenda chuoni, hii itamwombea kazi. Mimi nikaishonea mfuko wa kitambaa kizito, mshono mara mbili.

Sasa kaa chini. Mfuko ule niliukata kwenye kitambaa kile kile ninachovika ubao wangu wa kupigia pasi kola. Siku hiyo nilikuwa na sare za wahudumu wa hoteli, wanazitaka jioni, na miwani iko kichwani. Nikachukua ubao mezani. Nilipiga pasi kola kumi na nne, nikawa najisemea leo ubao umetulia, hauyumbi. Ya kumi na tano ndipo nikasikia harufu. Kumbe nimeshika mfuko wa laptopu yako: kioo kimepasuka, ganda limejikunja kama soli iliyoanikwa motoni. Fundi wa kona aliitazama, akaifunga, akanipa pole ya msibani.

Mdogo wako ndiye aliyeniambia ninyamaze. Alisema kaka ana hasira za karibu, afadhali zimwangukie yeye kuliko bibi. Nami nikakubali, maana nimeshona miaka arobaini sijaunguza hata pindo, nikaona haya. Haya yangu ameibeba yeye. Matusi yako yote ameyasoma, hakunitaja hata mara moja.

Nimekosa mimi, nisamehe. Hilo sitalisema tena.

Mama yako anakusalimu. Jirani yetu muuza viatu naye anakuulizia. Jumamosi mdogo wako anawaonyesha walimu mchoro wake wa mwisho, kwenye tofali hilo hilo, na sitaki aende na kinyongo chako kichwani. Kwa hiyo barua hii usiikunje wala usiiweke mfukoni. Shika simu umpigie, wewe ndiye uanze, na umwombe radhi kabla hujamuuliza habari. Laptopu nyingine usilete.

Ni mimi bibi yako, fundi cherehani.