Kibao cha Vitunguu Kimo Kwenye Kompyuta

Baba Watoto na wanangu,

Kibao cha kukatia vitunguu msikitafute, kimo ndani ya kompyuta. Leo asubuhi bodi kuu ya kompyuta yangu ya zamani iligoma kukaa kwenye kasha tulilopewa na jirani, matundu ya skrubu hayakuoana hata moja, nanyi mkacheka mpaka mkapaliwa na chai. Haya. Nimeikaza bodi juu ya kibao, kibao nikakikaza kwenye kasha. Mfuniko haufungi, kwa hiyo msitie mkono humo!

~~Vitunguu katieni kwenye sahani.~~ Hapana, mtanikwaruzia sahani. Nitapika mwenyewe nikirudi.

Baba Watoto, ulitamba mbele ya watoto kwamba ikiwaka utaosha vyombo wiki nzima. Bonyeza kitufe. Ukishaisikia feni, sponji iko pale pale kwenye sinki.

Mama, fundi mliyemcheka