Macho ya Papa na Sindano Ulizotutumia

Kambi ya Dzaleka,
Dowa, Malawi.
14 Oktoba 2001

Mpendwa Shangazi Madeleine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Afya yako ikoje? Mgongo umepoa, na baridi ya Liège imeshaanza? Sisi tuko wazima. Jua la mwezi huu linatuchoma na foleni ya maji ni ndefu, lakini tunakula na tunacheka. Watu wapya bado wanafika kutoka kwetu Fizi wakikimbia vita, na mmoja wao ametuambia kwamba nyumba ya Nyanya ingali imesimama.

Shangazi, unajua mimi si msemaji, hata barua zangu huwa fupi. Leo mkono wenyewe unakimbia. Papa alikaribia kupoteza macho, na sasa anaona. Nimeanza na hilo ili usishtuke ukisoma yanayofuata.

Boksi ya kwanza ya interferon ilifika salama mwezi wa tano. Masista wa misheni waliiweka kwenye friji yao kama ulivyoagiza, na Papa akawa anachomwa mara tatu kwa wiki. Mwanzoni alitetemeka kwa homa kama mtu wa malaria. Daktari wa misheni alikuwa ametuonya kwamba dawa hiyo ya ini ndivyo ilivyo, kwa hiyo hatukuogopa. Mwezi wa saba, nilipomaliza kidato cha pili na kuacha shule, homa iliisha tukafurahi.

Kumbe jambo lingine lilikuwa limeanza. Papa alikuwa akishona blauzi za kwaya. Mama Marguerite, kiongozi wa kwaya, alirudi akiwa ameivaa ya kwake, akasimama mbele ya cherehani.

"Papa Zénon, mukono moja iko kwa bega, ingine iko kwa mugongo. Unafikiri mi ni kuku?"

"Kitambaa njo mbaya," Papa akasema.

"Kitambaa ni ile ile ya benzangu. Basi kwaya yote tuko bakuku."

Watu walicheka, na Papa akacheka nao. Mimi sikuweza, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimemwona akipapasa meza kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake.

Nilipomwuliza, alikiri kwamba anaona ukungu na madoa meusi kwa wiki nyingi. Masista humwuliza kila mara anaumwa wapi, naye huwajibu kwamba haumwi popote. Nikataka kujua kwa nini. "Dada yangu alitafuta hii dawa miaka mbili, anaosha sakafu za batu," akasema. "Mi njo nianze kuilalamikia? Atasema sina shukrani." Akanikataza kukuandikia. Ndiyo maana barua yangu ya Agosti ilikuwa na salamu tu.

Alikubali kwenda Lilongwe kwa sharti moja, kwamba tuseme ni uzee.

Mganga wa macho pale hospitali, Bwana Chisale, hajui Kiswahili, na Kichewa cha Papa kinaishia kwenye zikomo, yaani asante. Basi mkalimani nikawa mimi, kwa Kiingereza changu cha shule. Unanikumbuka, mwalimu akiniuliza swali natazama viatu vyangu. Bwana Chisale aliuliza kama mgonjwa anatumia dawa yoyote. Nikamtafsiria Papa.

"Mwambie hapana."

Nilitazama viatu. Halafu nikasema ndiyo, anachomwa interferon, mara tatu kwa wiki, tangu Mei. Neno hilo ni lilelile kwa lugha zote, kwa hiyo Papa alilisikia. Aligeuza uso ukutani.

Bwana Chisale aliacha kuandika. Alimtia matone ya kupanua mboni, akachungulia ndani ya macho kwa taa ndogo, muda mrefu. Alisema si uzee wala si mtoto wa jicho. Nyuma ya macho kulikuwa na mabaka meupe kama vipande vya pamba, na damu kidogo imevuja. Sindano hizo huwafanya hivyo baadhi ya watu. Mara nyingi mabaka huondoka dawa ikisimamishwa, lakini tungezidi kunyamaza, huenda uoni usingerudi. Palepale alimpigia simu daktari wa misheni, wakakubaliana kusimamisha.

Papa alitangulia mbele yangu hadi kituo cha mabasi cha Old Town. Hapo alinunua soda, akanywa nusu yake, akasema, "We binti, nilikupa neno moja tu ya kubeba, ukashindwa." Nikaanza kulia. Akanipa chupa. "Kunywa, iko inapata moto."

Jumatano iliyopita, wiki ya saba bila sindano, tulirudi. Mabaka karibu yote yameondoka, Shangazi. Papa alisoma herufi za ukutani hadi mstari wa pili kutoka chini, nami nikapiga makofi mbele ya wagonjwa wote. Kisha Bwana Chisale akaniuliza kama naweza kuwatafsiria Wakongo siku anazokuja kupima macho hapa kambini. Mimi. Nilisema ndiyo kabla sijafikiri, na tangu siku hiyo usingizi unanipata kwa shida kwa furaha.

Ini halijapona bado, sikufichi. Daktari atapima damu mwezi wa kumi na mbili. Akianza tena sindano, atampa kidogo, na macho yatakaguliwa kila mwezi. Kwa hiyo tafadhali, usitume boksi ya tatu kwanza; ya pili bado iko kwenye friji ya Masista. Hatujaona kasoro katika upendo wako, na kosa la kunyamaza ni letu.

Mama na mdogo wangu Honoré wanakusalimu. Nisalimie mumeo Tonton Norbert na binamu yangu Divin. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishie kila jasho ulilolitoa kwa ajili yetu.

Papa ameomba nafasi hapa chini. Amesema bahasha ataifunga mwenyewe, nisisome.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye sana,
Annuarite

Madeleine, ni mi mwenyewe naandika. Mistari naiona yote, kona ya kushoto tu iko na ukungu kidogo. Nilikuficha, unisamehe. Mutoto alifanya vizuri kuniasi. Usimwambie nilisema, atavimba kichwa. Zénon.