Mwalimu Longino, Uliyetufundisha Kumsemea Mtoto wa Jirani

Baba, leo mwaka umekatika tangu ulipotutoka, na chaki zako mbili bado zimo mfukoni mwa koti lako la kijivu. Mama hataki lifuliwe.

Ulikuwa mtu wa maswali. Mtoto akikuamkia, ulimjibu, "Marahaba, umeelewa nini leo?" Wengine pale Mjimwema wakiiona baiskeli yako tu, walikata kona! Lakini uliyemkamata hukumwachia mpaka apate jambo moja, hata dogo, na ulilifurahia kuliko yeye.

Ulipopewa ukuu wa shule, uliwakuta wazito wa kusoma wakichoteshwa maji vipindi vya hesabu. Ukaitisha mkutano, na wazazi wenyewe wakasema, "Huyu wangu kichwa kigumu, Mwalimu, mpe ndoo tu."

Ukawakatiza. "Hapa hakuna kumsema wa kwako. Kila mtu amsemee mtoto wa jirani." Loo! Nani athubutu kumwita mtoto wa mwenzake mjinga, na mama yake yuko benchi lilelile? Basi kila mtoto akapata wa kumsemea, walimu nao wakasema, ukayaandika yote, wakatia saini. "Mmesema wenyewe," ukawaambia, "sasa tuyasimamie sote." Kuanzia hapo maji yalichotwa kwa zamu baada ya masomo, na zamu yako hukuikwepa.

Mwezi uliopita, Baba, nusura shule iuache utaratibu wako. Kambi ya darasa la saba ilikaribia, ikasomwa mkutanoni orodha ya watoto tisa wa kubaki nyumbani hadi mtihani upite, eti wasishushe wastani wa shule. Aliyeiandika ni Mwalimu Devota, yule uliyempokea akiwa mgeni kazini. Mmoja wa hao tisa ni Ester, mjukuu wako, binti wa Rupert.

Mama, anayeogopa kusema hata kwenye sala za jumuiya, alisimama. "Mwenyewe hayupo, lakini saini zenu zipo. Wasemeeni."

Mzee Nassoro akaanza na mtoto wa jirani yake: "Romanus alinipigia hesabu ya mbolea ya shamba zima, mimi bado natafuta kalamu." Watu wakacheka, wakafuata mmoja mmoja, hadi watoto wanane. Ester akakosa wa kumsemea. Jirani yetu alikuwa safarini Namtumbo. Mama alikuwa na maneno tele juu ya mjukuu wake, lakini utaratibu wako ulimfunga mdomo. Alishika pindo la kitenge, akangoja. Tulimwonea huruma, jamani!

Ndipo Mwalimu Devota aliposimama. "Ester anasoma polepole, lakini akishaelewa, ndiye anayewaelewesha wenzake. Nililijua hilo, na bado nikaandika jina lake. Nisameheni. Nitakaa naye kila jioni mpaka siku ya mtihani."

Wote tisa wako kambini, Baba. Siku ile ya mkutano Mama alilia njia nzima, akafika nyumbani akasonga ugali, akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Unakumbukwa na mkeo Anjelika, wanao Rupert, Lukresia na Aidan, wakwe, wajukuu wote, na Mwalimu Devota, aliyetuomba jina lake tuliweke hapa, kwenye familia.

Pumzika kwa amani, Baba. Hatutakusahau maisha yetu yote.