Mlango Uliompiga Mgeni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Kwa kuwa bibi yako ni dada yangu, nami naitwa bibi kabla sijamaliza kunyonyesha! Huku Mwankoko hatujambo. Mtoto ameota meno mawili, ananing'ata kweli. Mama yako anakusalimia.

Unaniuliza ufanyeje, maana vikaoni huko kazini Kiingereza kinakukwama kooni. Nilishtuka. Uniulize mimi wa darasa la saba!

Haya, sikia. Nilipokuwa nafanya usafi gesti ya mjini, mgeni Mzungu alijigonga kichwa mlangoni. Nikampa pole kwa Kiingereza nilichonacho: "Sorry! Sorry!"

Bosi akatoka mbio. "We binti, umemfanya nini mgeni mpaka unamwomba msamaha? Leo unarudi kwenu!"

Kumbe neno lile lile la pole ndilo la kuomba radhi! Bosi hataki kunisikiliza, na shahidi ni mgeni peke yake, Kiswahili hajui. Nikamgeukia, nikaropoka: "Not me! Door! Door beat you!" Yaani si mimi, mlango ndio umekupiga.

Mgeni akacheka, kashika paji la uso. "Yes! Bad door!"

Bosi akashangaa, na mimi nikamzidi. Maneno mabovu vile, mtu kayaelewa! Kazi ikabaki yangu.

Magoti yalinitetemeka wakati wote, mjukuu wangu, na nilikuwa nimesimama mbele za watu. Wewe una meza ya kuyafichia. Sema.

Bibi yako mdogo,
Mama Eliya