Kisomo cha Shukrani

Kwa kaka yangu Msabaha,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Natumai wewe, wifi Shadya na watoto hamjambo huko Bagamoyo. Mimi hapa Dar ni mzima, ila nimechoka, kaka, nimechoka. Mama yuko nami ukumbini, anapepeta mchele ingawa siku hizi chakula hakimpiti.

Nimesikia umeshaalika watu Ijumaa kwa kisomo cha shukrani, eti Mama amepona na mimi ndiye niliyegundua dawa. Umenivisha kilemba cha ukoka. Wala sikulaumu, maana nilikupigia simu kwa vigelegele bila kueleza.

Seli za saratani huwa na protini juu yake inayowaambia askari wa mwili wasimame, wasishambulie, nao hutii. Mwilini mna vipande vidogo mno vya RNA, ile kemikali inayobeba maagizo ya seli, ila hivi havitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kuzuia maagizo ya kuiunda ile protini. Kwenye uvimbe kama wa Mama vimepungua. Sisi kule maabarani ninakofanya kazi tuliviongeza katika seli tunazokuza kisahanini, protini ikapungua, askari wakashambulia. Ndicho nilichoshangilia. Kutoka kisahanini hadi kwenye sindano ni miaka, na Mama hana miaka. Dawa za hospitali nazo hazimsaidii tena.

Sasa lililonikaa kooni. Tulikubaliana Mama asitajiwe ugonjwa, aambiwe ni uvimbe tu, kama tulivyomfanyia Baba. Juzi alinisikia nikizungumza na Farhan wa maabara, akaniuliza hao askari wake kwa nini wamelala. Nikashindwa kumficha. Nikamwambia yote, saratani kwa jina lake, huku nalia. Alinifuta machozi kwa upindo wa kanga, akasema alijua tangu Ramadhani, alinyamaza asituvunje moyo.

Nikamwambia basi nakuandikia utengue mwaliko. Akakataa katakata. Anasema hitima ya Baba ilisomwa vizuri na pilau ilikuwa tamu, ila mwenyewe hakuwepo kusikia. Yeye anataka asomewe akiwa amekaa, amsikie kila mtu, na shukrani anazo za kutosha.

Kwa hiyo usimrudishe mtu. Njoo utuchukue Jumatano, inshallah. Mchele usinunue, ndio huu anaoupepeta.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu atupe subira sote.

Mdogo wako,
Naila