Leo nilifungua kamba ya Mugisho

Siku ya posho, Jumamosi jioni. Mvua inanyesha tangu saa kumi na baridi imeingia mpaka ndani ya blanketi.

Naandika vibaya, lakini nikikaa bure nitaanza kulia tena, na mama mukwe iko pale nyuma ya pazia. Sitaki anisikie.

Leo nilikaribia kumupoteza Mugisho.

Mugisho ni mutoto wangu wa kwanza, iko na miaka mine. Mwaka jana homa ilimushika vibaya, shingo ikakauka, tukalala naye hospitali. Akapona. Lakini masikio haikupona. Sasa hasikii kitu, hata ngurumo. Na anapendaka kila kitu chenye kutetemeka: motere ya lori, cherehani ya fundi, ngoma ya kanisa. Anaweka shavu pale na kufunga macho. Ukimuachilia kidogo tu, ameenda kutafuta. Mimi niko nyuma naita "Mugisho! Mugisho!" sawa mwenda wazimu, na yeye hajui tena kama iko na jina.

Baba yake iko Kamituga anachimba zahabu, atarudi akipata. Mama mukwe magoti yanamuuma, hawezi kukimbia. Siku moja nilimuachia mutoto, akafika mpaka ku barabara kubwa ya Bagira. Basi kila fasi naenda naye. Mugongoni amekuwa muzito, miguu inaning'inia mpaka ku magoti yangu.

Njo maana wiki hii nikachukua pagne ile ile ya kitenge niliyokuwa namubebea, nikapasua kipande kirefu, nikashona kamba. Inapita ku mabega, inavuka kifua, inafungwa nyuma na fundo, na mwisho wake naushika ku mukono.

Asubuhi tulitoka nayo mara ya kwanza, tukashuka ku soko ya Kadutu. Njiani nikavuta kidogo, nikitaka asiende ku mufereji. Akageuka. Akaniangalia usoni. Nikavuta tena, akageuka tena, akacheka. Tangu homa ile, hakuna siku nilimuita mutoto wangu akageuka. Nilisimama pale njiani nikalia kwa furaha, watu wanapita tu.

Furaha ile haikumaliza asubuhi.

"Maman, hiyo ni mutoto ao ni mbuzi?" Ni mama mumoja muuza mboga ya lengalenga, sauti juu kabisa. Wenzake wakacheka. "Unamupeleka kumuuzisha?" Nikasema hasikii, ni mugonjwa wa masikio. Hakuna aliyengoja nimalize. "Hata! Mutu anafungaka mutu? Fungua huyo mutoto, banakuangalia!" Kweli, soko yote ilikuwa inaniangalia. Haya ikanipanda mpaka ku macho. Na mimi, mujinga, nikafungua. Nikatia kamba ndani ya kitunga, nikamushika mukono.

Watu hao hao wanafunga watoto mugongoni na pagne tangu asubuhi mpaka jioni! Mutoto akiwa juu, kufunga ni mapendo. Akishuka chini, pagne ile ile inakuwa haya. Jibu hilo limenijia sasa, niko nyumbani.

Hatujapita mbali, filimbi ikalia. Ku posta ya askari, karibu na soko, walikuwa wanapandisha bendera. Na bendera ikipanda, mutu hatembei. Muuzaji anaacha kupima, lori inazima motere, unasimama wima na mikono chini. Tumefundishwa hivyo tangu shule. Mikono yangu ikanyooka yenyewe, yote mbili, ikashuka ku mapaja.

Yote mbili.

Mugisho hasikii filimbi, hasikii wimbo. Aliona watu wamekauka na njia iko wazi mbele yake, akaenda. Soko yote imesimama, mutoto wangu peke yake anatembea kati ya miguu ya watu. Niliona mugongo wake na shati yake ya njano. Ningeweza kumufikia. Lakini askari alikuwa karibu, anapitisha macho kuona nani anacheza na bendera, na nikaogopa. Nilimuita ndani ya tumbo tu. Shati ya njano ikapinda ku kona ya wauza samaki ya sambaza, ikapotea.

Yesu wangu, wimbo ule ni murefu!

Ulipoisha, watu wote wakatembea mara moja, sikuona tena njia. Nikakimbia nalia. Kila mutu namuuliza: "Mumeona mutoto wa shati ya njano?" "Muite tu, maman, atasikia," wananijibu. Muite tu! Yule mama wa lengalenga aliniona, akaacha mboga yake chini na kukimbia pamoja nami. Lazima niandike hilo pia.

Kisha nikasikia mashini ya kusaga unga inawaka, nyuma ya wauza sambaza. Kitu chenye kutetemeka.

Nilimukuta ndani ya mikono ya musagaji, wote wawili weupe na unga wa mihogo. "Huyu ni wako? Nilimuita arudi nyuma, nikamuita, nikamuita, hajageuka. Vidole ilishafika ku mukanda, maman. Ku mukanda wa mashini!" Ngozi ya vidole viwili imetoka. Vidole yenyewe iko. Mugisho hakulia, alikuwa anajinyoosha arudi ku mashini.

Nikatoa kamba ndani ya kitunga nikamufunga palepale. Fundo lilinishinda. Yule mama wa lengalenga akanifungia.

Tulipofika nyumbani, mama mukwe alikuwa ameshaambiwa na jirani. "Mujukuu wangu kufungwa kamba mbele ya watu! Watasema sisi ni watu gani?" Nikamuonyesha vidole ya mutoto. Nikamueleza mashini. Akasema ningemushika vizuri, mama wa kweli anashika mutoto wake na mukono. Akachukua kamba akaitupa ndani ya moto ya mbabula, macho yangu yanaona.

Hapo ndipo Mugisho alilia. Vidole haikumuliza. Kuona kamba inaungua ilimuliza mpaka akalala.

Nimechoka. Njiani kupanda Bagira, tukirudi, niliwaza kama homa ile ingemaliza kazi yake, sisi wote tungepumzika. Nimewaza hivyo mimi mwenyewe, mama yake, wakati anatembea mbele yangu. Mungu anisamehe. Sina mutu wa kumuambia.

Pagne yangu ya ndoa iko hapa ku magoti. Mama mukwe mwenyewe ndiye alinivalisha. Naivalaka Noeli tu. Makasi pia iko hapa, na nimeshakata upande moja wa kamba mupya.

Kesho ni siku ya Mungu. Kanisa itajaa, na mama mukwe anakaaka benchi ya mbele, ataijua pagne yake. Watageuka wote kutuangalia. Sijui kama nitaweza kuvumilia macho yao, leo ilinishinda.

Wageuke. Mimi nitavuta kidogo, na mumoja atageuka sababu nimemuita.