Kopo la Unga Ulilomtumia Rahabu

Paschal Lubasha,
Kijiji cha Nandagala,
S.L.P. 51,
Ruangwa, Lindi.

14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Miriam,

Mwangaluka, Shangazi. Pokea salamu za sisi sote wa huku Nandagala. Habari za Kwimba? Goti lako la kushoto linaendeleaje, na je, lile paa la jikoni Eva ameshalipatia fundi? Sisi huku wazima wa mwili. Mama aliumwa malaria mwezi wa saba lakini amepona. Majani yamekauka mapema mwaka huu, ng'ombe wamekonda, na tunalazimika kuwapeleka mbali upande wa Mbwemkuru kutafuta maji. Ufuta tumeshavuna. Kwa hayo tunamshukuru Mungu.

Barua hii nimempa kijana wetu Luka akufikishie mkononi, kwa kuwa anakuja huko kuoa. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Shangazi, simu yako unaiweka sauti ya juu mpaka majirani wanaitikia salamu kabla yako. Haya yanayofuata ni ya masikio yako tu. Mwambie binti yako Eva afunge mlango, kisha aendelee kukusomea mkiwa wawili.

Ni habari za mdogo wangu Rahabu. Usishtuke, yuko hai, yuko hapa nyumbani. Lakini moyo wake umevunjika, na wetu pia.

Kwenye simu nilikwambia tu kwamba alishinda kule Lusaka. Sikukusimulia vizuri. Ilikuwa Jumapili, tarehe 22 Juni, nimeitazama kwenye shajara yangu. Tulikwenda Nachingwea, Baba na mimi, tukaangalia kwenye ukumbi wa parokia. Sista Rozalia, aliyemfundisha Rahabu mchezo huo tangu akiwa kidato cha kwanza, aliunganisha simu yake na televisheni. Ni badminton, ule mchezo wa kupiga kinyoya kwa raketi juu ya wavu, ambao wewe ulisema unafanana na kufukuza nzi.

Fainali ya wanawake, mmoja kwa mmoja. Rahabu wetu na binti wa Misri, mrefu kweli, mikono kama upondo. Seti ya kwanza Rahabu alishinda, ya pili akafungwa. Baba hakuweza kukaa. Alisimama mbele ya televisheni na fimbo yake, akipiga mluzi kama yuko machungani. "Mzuie kushoto! Kushoto, anatoroka huyo!"

Jirani yetu Kornel, Mmwera, yule mwenye mikorosho ambaye ng'ombe wetu waliwahi kumwingilia shambani, alikuwa nyuma yetu. Akasema, "Mzee Lubasha, kaa chini. Huyo si ndama."

"Nyamaza, Kornel. Wewe mtu wa korosho unajua nini? Korosho hazikimbii."

Watu wakacheka. Kornel akajibu, "Haya. Huyu mtoto akishinda, ng'ombe wako wakija tena kwangu sipigi yowe. Mwaka huu tu lakini!"

Akashinda. Unajua alishindaje? Uwanja wa parokia hauna ukuta, na upepo wa alasiri huwa unabeba kinyoya mpaka kwenye mihogo ya masista. Kwa hiyo Sista alimzoesha kupiga chini, kinyoya kipite juu ya wavu kidogo tu, upepo usikipate. Yule binti wa Misri alipiga juu na kwa nguvu, Rahabu akajibu chini, chini, chini, mpaka mwenzake akachoka kuinama. Pointi ya mwisho kinyoya kiligusa wavu, kikaangukia upande wa pili kama jani. Sista Rozalia alilia. Kornel alimkumbatia Baba, na hiyo Ruangwa nzima haijawahi kuiona.

Jioni Rahabu alipiga simu, anacheka. "Kaka, huku hata nikienda chooni nina msindikizaji. Wamechukua mkojo wangu kwenye vichupa viwili, wanauheshimu kuliko mimi." Tulicheka naye. Hatukujua.

Alipofika stendi ya Ruangwa walimpokea kwa ngoma. Baba alichinja yule dume mweupe. Siku ya mnada aliivaa medali ndani ya koti, na kila aliyeuliza bei ya ng'ombe alionyeshwa medali kwanza.

Tarehe 29 Julai wakubwa wa mchezo walipiga simu kutoka Dar es Salaam. Katika ule mkojo wamekuta dawa. Rahabu akaitwa aende kujieleza. Sista alinielewesha baadaye: ni dawa ya hospitali, ya vidonge, wanayopewa watu wenye pumu na watu waliovimba viungo. Mchezaji haruhusiwi kuinywa wakati wa mashindano mpaka daktari awe amemwandikia na wakubwa wa mchezo wawe wamekubali. Na kabla ya mashindano daktari wa timu alimuuliza Rahabu anatumia dawa gani. Akajibu hatumii dawa yoyote.

Hakudanganya, Shangazi. Wewe ndiwe uliyemlea mpaka tulipohamia huku kusini, unajua kifua chake na vumbi la zizi. Tangu mdogo anakunywa uji wenye unga wako wa mizizi. Hapa kwetu dawa ni kitu cha hospitali, chenye bahasha na maandishi. Ule hatujawahi kuuita dawa. Tunauita unga wa Shangazi, kama tunavyosema chumvi au karanga. Lile kopo ulilompa Luka alilete mwezi wa tano nililipokea mimi mwenyewe, nikampelekea kwenye kambi ya timu pamoja na ndala zake.

Wamemfungia miaka miwili. Ameondolewa kambini. Ushindi amepewa yule binti wa Misri, na medali imerudishwa. Siku ya kuipeleka, Baba aliifuta kwa kanga ya Mama, akaifuta tena, akaniuliza, "Huko inakokwenda, watajua ilikuwa ya nani?" Yeye anaamini kwamba Rahabu aliwekewa kitu kwenye soda, na anamwambia hivyo kila mtu mnadani. Watu wanamwitikia, "Ndiyo, mzee," kisha wanatazamana.

Rahabu aliporudi kutoka Dar hakutaka kufika stendi ya Ruangwa, pale walipompigia ngoma. Aliteremka Nanganga, njia panda, akanipigia nikamchukue kwa pikipiki. Nilimkuta amekaa juu ya begi lake, amejifunika mtandio kichwani kama mama mzee. Tulipita njia za mashambani mpaka nyumbani.

Watoto wa kisimani wamemtungia jina, bingwa wa vidonge. Sasa maji anachota Mama. Kornel alikuja siku moja, akaongea na Baba habari za bei ya korosho tangu asubuhi mpaka uji ukapoa, na mchezo hakuutaja hata mara moja. Nilimpenda sana siku hiyo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Wakubwa wa mchezo wamesema Rahabu akionyesha kwa ukweli dawa ile ilitoka wapi, na kwamba hakujua, adhabu inaweza kupunguzwa ikawa miezi michache. Mwisho wa kujieleza ni tarehe 31 Oktoba. Kule Dar walimuuliza mara nyingi. Aliwajibu, "Nimekula mwenyewe, hakuna aliyenipa." Kwa hiyo wanamwona mwongo.

Nilimfuata zizini, nikamwambia, "Rahabu, ni ule unga. Sema."

Akaendelea kukamua. "Unga upi?"

"Usinifanyie hivyo. Kopo nilileta mimi."

"Basi mimi nimtaje nani, Kaka? Nimtaje mama mzee wa Kwimba, mjane, anakaa na binti mmoja, halafu redio iseme alimpa mtoto dawa mbaya? Umemsahau yule bibi jirani yake aliyechomewa nyumba?"

"Huko ni huko. Hawa ni watu wa michezo."

"Moto hauulizi habari ilitoka michezoni au wapi," akasema. "Ukimtaja Shangazi, mimi si dada yako tena."

Nami nilimkumbuka yule bibi. Sote tulikuwa wadogo, lakini tuliona. Hakufanya lolote, ila mtu alisema neno dawa na jina lake kwa pamoja.

Shangazi, sikulaumu. Nakuomba Eva arudie kukusomea hapo: sikulaumu, na Rahabu hakulaumu. Lakini nimefikiri sana. Kitu walichokikuta hakitoki kwenye mzizi. Zamani ulikwenda kuchimba mwenyewe, ukakausha kwenye ungo, ukatwanga mbele yetu. Siku hizi mapori ya huko yamekwisha, na goti lako halikupeleki mbali. Nadhani mwaka huu ulinunua mnadani, kwa mmoja wa wale wauzaji wenye kipaza sauti, ukautia kwenye kopo lako la zamani ili mtoto asione tofauti. Na nadhani mtu huyo alisaga vidonge akachanganya, ili mnunuzi apate nafuu ya haraka arudi tena. Wewe hukujua. Ulitaka apumue vizuri, basi.

Kama ndivyo ilivyokuwa, naomba uniambie. Sista Rozalia amewauliza wale wakubwa bila kutaja jina la mtu. Wanataka unga uliobaki upimwe, na maelezo ya mahali uliponunuliwa. Wamesema jina la ndugu aliyenunua halitatangazwa. Ningependa kukuapia kwamba halitavuja, lakini siwezi. Nakuandikia nilichoambiwa, si zaidi.

Kwa hiyo uamuzi nimeuweka mikononi mwako, na najua ni mzito kwa mtu mmoja. Ukikubali, mpe Luka unga uliobaki kwako akirudi, maana wa Rahabu umekwisha, na Eva aandike uliponunuliwa. Ukikataa, mpe Luka salamu tu, nami nitaelewa, wala sitauliza tena mimi wala watoto wangu. Rahabu ana miaka ishirini na moja. Kwa miaka hiyo miwili Sista anasema mwili utasahau, kwa kuwa raketi Rahabu ameshaifunga kwenye gunia na kuitundika darini, na hataki mtu aiguse.

Jambo jingine, na hili si la mchezo. Kama wewe mwenyewe unautumia unga huo kwa ajili ya goti, nenda zahanati uwaeleze. Sista anasema usiendelee nao, lakini pia usiukatishe ghafla kabla hujamwona daktari. Nakuomba usilipuuze hilo.

Baba anakusalimu, anasema dume mwingine yupo, ukija atachinjwa. Mama anakusalimu na anakutumia ufuta kidogo, utaukuta kwenye mfuko mwekundu wa Luka. Sista Rozalia anakusalimu ingawa hamjaonana. Msalimie Eva, mwambie namshukuru kwa macho yake na kwa kufunga mdomo. Wasalimie na wazee wote wa huko walionikuza, lakini kwa salamu tu. Mungu akae mlangoni pako mchana na usiku, akupe usingizi usio na maumivu.

Rahabu hajui niliyokuandikia. Anajua naandika barua ya salamu tu. Nilimuuliza kama ana neno la kukutumia, akafikiri, akasema, "Mwambie kifua kimepona kabisa, asihangaike kutuma kitu tena. Mwambie hivyo tu."

Nimeliandika kama alivyolisema. Yuko zizini sasa hivi anakamua, vumbi limetanda, na kutoka hapa ninapoandikia namsikia anakohoa.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye siku zote,

Paschal